Beringi Namba Ngapi?

Mjomba wangu alikuwa na mashine ya kusaga pale Mang'ula, bonde la Kilombero, na kuna mwaka mashine ile ilikula shafti kuliko mahindi. Kila shafti ilipokatika alinituma nayo kwa fundi mkereza, nikae hapo hapo mpaka achonge nyingine inayofanana na hiyo. Fundi alikuwa na mkono mzuri, sisemi uongo. Alikishika kile kipande, akapima pale beringi inapokaa, akawasha mashine yake, na baada ya saa moja na ushei nilirudi nyumbani na shafti inayong'aa. Mwezi haukwisha, beringi inapiga kelele tena.

Safari ya nne mjomba alinituma kwa mzee mwingine, mstaafu aliyewahi kukereza kwenye karakana za reli. Mzee hakuigusa hata shafti niliyoileta. Aliniuliza swali moja tu: "Beringi namba ngapi, kijana?"

Sikujua. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikaisoma ubavuni: 6205. Nilipomrudishia jibu, akaniambia tarakimu mbili za mwisho uzizidishe kwa 5. Tano mara tano, ishirini na tano. Tundu la beringi hiyo ni milimita 25, iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China, na shafti inatakiwa iwe 25 na ziada ya sehemu chache za elfu moja ya milimita ili beringi iingie kwa kubana. Yule fundi wa kwanza alikuwa akipima mahali palipokwisha kulika. Beringi ilishacheza juu ya chuma kile wiki nyingi, ikakipunguza, naye akanakili upungufu ule kwa uaminifu wote. Shafti mpya ilikuwa inazaliwa imezeeka.

Nilikuwa nimelisahau swali la mzee yule mpaka Oktoba moja, nikiwa Marekani kwa shughuli nyingine kabisa, rafiki aliponipeleka Windsor, mji mdogo wa jimbo la Vermont ukingoni mwa mto Connecticut. Watalii huenda huko kutazama majani yanavyobadilika rangi, na daraja refu la mbao lenye paa, la mwaka 1866, linalouvuka mto kwenda New Hampshire. Sisi tulikwenda kutazama vyuma. Jengo lenyewe ni la matofali, lina ghorofa tatu, liko kando ya kijito ambacho maji yake ndiyo yaliyokuwa yakizungusha mashine. Lilijengwa mwaka 1846 kuwa kiwanda cha bunduki cha Robbins, Kendall na Lawrence. Leo linaitwa American Precision Museum, na ndani yake makerezo ya zamani, mashine za kuchonga chuma kinachozunguka, yamepangwa mstari kama ng'ombe zizini.

Mtu aliyezoea makumbusho ya sanamu na mifupa anaweza kuchoka haraka humo. Mashine zimenyamaza, nyingi zimepakwa rangi ile ile, na maelezo yamejaa majina ya watu waliohama kutoka karakana moja hadi nyingine. Mimi nilipita nusu ya ukumbi bila kusimama. Kilichonisimamisha ni vitu vidogo vya kupimia, vile vyuma vigumu vyenye pengo au tundu ambavyo mafundi wetu huviita geji. Mbele ya vitu hivyo ndipo nilipomkumbuka mzee wa reli.

Wamiliki wa kiwanda kile walipata mkataba wa serikali ya Marekani mwaka 1845: bunduki 10,000 za muundo wa 1841. Mafundi wa bunduki walikuwepo tangu zamani, kwa hiyo bunduki yenyewe haikuwa jambo jipya. Lakini kila fundi alitengeneza bunduki yake moja moja, akachonga kipande, akakijaribu, akakipiga tupa, akakijaribu tena, mpaka kikakubaliana na jirani yake. Kipande cha bunduki hii hakikuingia kwenye bunduki ile. Kikivunjika vitani, silaha nzima ikawa rungu. Serikali ilitaka bunduki ambazo ukizifungua mia moja, ukavichanganya vipande vyake sakafuni, ukaokota chochote kilicho karibu, utaunga bunduki mia moja zinazofyatua.

Wengi husimulia kwamba mashine ndizo zilizoleta jambo hili. Mashine zilikuwa na kazi kubwa, kweli. Windsor ilitoa mashine za kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, na kerezo lenye kichwa cha kugeuza kinachobeba visu kadhaa ili mfanyakazi asihangaike kubadilisha zana kila hatua. Lakini tupa haikuondoka mezani. Mashine iliondoa chuma kingi, kisha mtu akamalizia kwa mkono. Tofauti ilikuwa ni kwamba sasa mkono ule ulikuwa unajibu kwa nani. Zamani tupa ilijibu kwa kipande cha jirani, na hapa ikajibu kwa geji. Kipande kikiingia kwenye geji bila kulegea, kinapita, hata kama aliyekichonga hajawahi kuona bunduki kitakakowekwa. Kisipoingia, kinarudi, hata kama kimechongwa na fundi mkuu mwenyewe. Adabu hiyo ndiyo iliyokuwa mpya.

Mwaka 1851 kampuni ilipeleka bunduki sita London, kwenye maonyesho makubwa ya Crystal Palace, zenye vipande vinavyobadilishana. Waingereza, waliodhani wao ndio walimu wa dunia kwa mambo ya viwanda, walishtuka. Baada ya miaka mitatu wakaguzi wao walikuwa Marekani wakitembea karakana kwa karakana, na serikali yao ikaagiza mashine za kwenda kufunga kwenye kiwanda chake cha Enfield. Vita vya Crimea vikaleta oda nyingine kwa Windsor, bunduki 25,000 za muundo wa Enfield. Kampuni ikajitanua kwa mkopo, vita vikaisha mwaka 1856, nayo ikafilisika. Kiwanda kilichoifundisha Uingereza kazi kilikufa kabla wanafunzi wake hawajazoea mashine.

Hapa makumbusho yale yana heshima kupita kiasi. Yanazungumzia ubunifu, yanazungumzia usahihi, na bunduki zimo kwenye makabati, lakini swali la zilikokwenda limepewa nafasi ndogo. Usahihi ulizaliwa kwa sababu majeshi yalikuwa na fedha na haraka. Enfield ile ya 1853 baadaye ilifunguliwa nyuma ili ipakiwe risasi huko, ikawa Snider, na bunduki za Snider ndizo Stanley alizowabebesha watu wake alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874 kuelekea maziwa makuu na mto Kongo. Sisi tulikutana na vipande vinavyobadilishana kwa upande wa mtutu kwanza. Cherehani na baiskeli vilikuja baadaye, kwa mashine za ukoo huo huo.

Na mto ule wa Connecticut una hesabu nyingine na sisi. Ukiufuata kutoka Windsor mpaka karibu na bahari unafika Deep River na Ivoryton, na Ivoryton maana yake ni mji wa pembe za ndovu. Sehemu kubwa ya pembe zilizoingia Marekani katika karne ya 19 zilikwenda kukatwa huko, kwanza ziwe vitana, kisha vibao vya kubonyeza vya piano, na mawakala wa makampuni ya bonde lile walikaa Unguja wakinunua. Pembe zilitoka Tabora na Ujiji na mbele ya hapo, mabegani mwa watu, wengine huru na wengine watumwa. Windsor yenyewe ni mji ambako katiba ya Vermont ya 1777 ilitiwa saini, katiba iliyokataza kumfanya mtu mzima mtumwa. Bonde moja, maji yale yale. Nilichokiwaza pale ukingoni, zaidi ya dhambi hiyo ambayo inafahamika, ni vipimo. Huku kwetu pembe ilipimwa kwa frasila, ikauzwa kwa uzito, biashara ikaisha. Kule ilipimwa upya kwa unene, ikakatwa na misumeno iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, kila kibao sawa na mwenzake ili funguo zote za piano zilale usawa mmoja. Faida ilikaa kwenye kipimo cha pili.

Mwanzilishi wa makumbusho haya, Edwin Battison, alikuwa mtaalamu wa mashine wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho kule Washington, naye alilifungua jengo hili kama makumbusho mwaka 1966. Habari yake inanifurahisha kwa sababu moja. Wamarekani walikuwa wakifundishwa kwamba baba wa vipande vinavyobadilishana ni Eli Whitney, aliyepata mkataba wa bunduki 10,000 mwaka 1798 na kuahidi kuzimaliza kwa miaka miwili. Mwaka 1801 Whitney alikwenda Washington mbele ya wakubwa, Thomas Jefferson akiwamo, akawaonyesha vipande vya mitambo ya kufyatulia vinavyoingiliana, wakubwa wakavutiwa, fedha zikaendelea kutoka. Bunduki za mwisho alizikabidhi mwaka 1809. Battison na wenzake wa kizazi chake walifanya jambo ambalo hakuna mkubwa aliyelifanya siku ile: walizichunguza bunduki zenyewe. Vipande havikubadilishana. Vilikuwa vimepigwa tupa kila kimoja na mwenzake, kama zamani.

Msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda hahitaji kuelezwa maonyesho ya 1801. Tunayaona kila mwezi kwenye taarifa ya habari. Utepe unakatwa, mgeni rasmi anapewa bidhaa ya kwanza aishike juu, kamera zinapiga. Sikatai uzinduzi. Nasema tu kwamba bidhaa ya kwanza haituambii lolote kuhusu kiwanda. Mtu mwenye mkono mzuri na tupa anaweza kuchonga bidhaa moja nzuri popote. Anayetaka kujua kama pana kiwanda angeomba ya kwanza na ya elfu moja, azibadilishie vipande mezani, mbele ya kamera zile zile.

Nchi yetu imewahi kuwa na karakana zilizojengwa kwa nia hasa ya kuzaa mashine nyingine. Pale kwetu Mang'ula palikuwa na kiwanda cha zana kilichotokana na Wachina waliojenga reli ya TAZARA. Hai, Kilimanjaro, kulijengwa kiwanda cha mashine kwa ushirikiano na Bulgaria. Vyote viwili vilipitia miaka mirefu ya ukimya, na katika mjadala wa viwanda hutajwa kama majengo: nani auziwe, nani anyang'anywe, mabati yameibwa mangapi. Sijawahi kusikia mbunge akiuliza geji za viwanda hivyo ziko wapi. Jengo linaweza kujengwa upya kwa miezi. Mtu aliyefundishwa kukataa kipande chake mwenyewe kwa sababu kimezidi kwa unywele, huyo anachukua miaka, naye akistaafu bila mwanafunzi amekwenda na ujuzi huo. Yule mzee wa reli aliniambia maana ya namba ya beringi kwenye kibaraza chake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuisemea.

Kitu kimoja tulicho nacho tayari ni lugha. Kiswahili kilikuwa na kerezo na mkereza muda mrefu kabla ya makumbusho yoyote. Miguu ya vitanda vya pwani ilikerezwa, na bado inakerezwa. Na tuna kitenzi kugeza, chenye maana mbili ambazo hatuzitenganishi vizuri: kuiga, na kupima kwa kulinganisha. Kutoka humo tumepata kigezo. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wanaiita kazi ya kuhakiki vipimo ugezi, neno zuri kuliko mengi yanayotoka ofisini. Fundi wetu wa kwanza aligeza kwa maana ya kuiga. Mzee aligeza kwa kigezo. Neno ni moja, shafti ni mbili.

Ukienda kwenye mitaa ya mafundi, Gerezani ya Dar es Salaam au Katwe ya Kampala, utaona wingi wa kugeza kwa maana ya kwanza. Mteja anakuja na gia iliyovunjika meno, anaambiwa asubiri. Sampuli ni mfalme. Kazi inayofanywa hapo kwa vifaa vile inanishangaza kila mara. Nimeona bushi la trekta likichongwa kutoka kwenye chuma chakavu likafanya kazi msimu mzima. Wanaowacheka mafundi hawa hawajawahi kukwama Mikumi usiku na gari bovu. Lakini sampuli ina ugonjwa huo niliouona nikiwa mtoto: inabeba umri wa kitu kilichokufa. Nakala ya nakala inazidi kupotea, na hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu kila mmoja amefuatisha alichopewa.

Dawa yake haina gharama ya kiwanda. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya muuza nyanya na pampu ya kituo cha mafuta, akabandika stika, na mwananchi anaelewa kwa nini. Vernia ya mkereza, kalipa yake ya kupimia unene, haikaguliwi na mtu. TBS wana maabara ya ugezi pale Ubungo, na chombo kikipelekwa hupimwa dhidi ya kigezo halali, lakini nani afunge karakana aende Ubungo na kalipa yake? Mtu huyo anaishi kwa kazi ya siku. Mimi ningetaka kigezo kimfuate yeye. Chumba kimoja Gerezani, chenye vipande vya kupimia vya chuma kigumu, msimamizi mmoja aliyefunzwa, na meza. Fundi aje na vernia yake, ailinganishe, alipe kidogo, aondoke akijua inadanganya kwa kiasi gani. Vipande hivyo vya kupimia si anasa. Msweden Carl Edvard Johansson alivibuni mwishoni mwa karne ya 19 akifanya kazi kwenye kiwanda cha bunduki kule Eskilstuna: seti ya vipande 102, ukiviunganisha kwa namna mbalimbali unapata vipimo kama 20,000. Sanduku moja la mkononi.

Nakubali hoja ya upande wa pili, na Windsor yenyewe inaitoa. Karibu na hapo, mji wa Springfield, palikua viwanda vya mashine vilivyotokana na ukoo huu huu: Jones & Lamson, ambayo ilianzia Windsor, Fellows waliotengeneza mashine za kuchonga gia, Bryant na mashine zao za kusugua matundu. James Hartness wa Jones & Lamson alifika hata kuwa gavana wa Vermont, 1921 hadi 1923. Watu walilibatiza eneo lile Bonde la Usahihi. Vyote vilikwisha, kimoja baada ya kingine, kabla au mara baada ya mwaka 2000, na geji zao zilikuwa safi mpaka siku ya mwisho. Kigezo hakikuwaletea soko wala hakikuwazuia wenye hisa kuuza. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba ukipima vizuri utatajirika.

Namwambia tu gharama ya kutopima, ambayo nyumbani kwetu huiona kila anayepita Kidatu. Reli ya zamani ya Kati ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. Tofauti ni sentimita sita na kitu, upana wa vidole vitatu hivi, na kwa ajili ya vidole hivyo vitatu mzigo unaofika Kidatu kwa behewa la reli moja lazima uhamishiwe behewa la reli nyingine. Sasa tumeongeza SGR yenye 1,435. Kila moja ilikuwa na sababu zake, za wakoloni, za majirani wa kusini, za kasi. Lakini nchi moja yenye geji tatu za reli ni karakana kubwa kuliko zote, na kila fundi aliyepita humo alichonga kwa sampuli yake.

Nilipotoka ukumbini nilipiga picha ya kabati la vipimo, nikamtumia binamu yangu, mtoto wa yule mjomba, ambaye ndiye mwenye mashine sasa. Nikaandika maelezo marefu kidogo kuhusu mwaka 1846. Jibu lilikuja jioni kwa ujumbe wa sauti, mashine ikinguruma nyuma yake.

"Kaka, picha nimeiona. Huko 6205 wanauzaje?"